Pini Niliyoiacha kwenye Pindo

Kasongo, baada ya alasiri

Mwanangu Riziki,

Naomba Mungu usiisome barua hii. Kesho asubuhi, kabla pikipiki hazijawashwa, nataka niifumue mahali nilipoishonea, niitie kwenye jiko la Bibi, na wewe usijue hata siku moja kwamba iliandikwa. Kama unaisoma, basi nimeshindwa. Umekwisha kuondoka, na mimi nilisimama pale pale uani nikitazama vidole vyangu.

Kama uko bado njiani, na hamjapita kijiji cha Wamaza, anza na ukurasa wa mwisho. Hizi kurasa nyingine zitakungoja.

Najua utacheka nikikuita mwanangu. Nimekuzidi mwaka mmoja na miezi michache tu. Shuleni wenzetu walishika mbavu walipokusikia ukiniita Mama Mdogo kwenye mstari wa asubuhi, na wewe ulizidisha makusudi ili uso wangu uwake: "Mama Mudogo, mutoto wako iko na njaa." Mimi nilitamani ardhi inimeze. Lakini ndivyo ilivyo. Yaya Sakina, dada yangu, ndiye aliyekuzaa, na alipokuwa anakwenda alikushika mkono akauweka ndani ya mkono wangu. Wewe ulikuwa na miaka tisa, mimi kumi na mmoja haijatimia. Alisema mbele ya watu, "Mama yako ni huyu." Bibi alikuwepo, lakini kwetu Bibi hawezi kuwa mama wa mjukuu wake, Bibi anakutania, anakuita mke mwenzake, anakunyima mume wake ambaye amekwisha kufa. Mama ni mdogo wake mama. Basi nikawa mama nikiwa bado nalala na kidole mdomoni.

Sitakuandikia habari za chumvi, wala za kuamka kabla ya mume, wala namna ya kusalimia mama mkwe. Mashangazi wamekufungia ndani siku sita sasa wakikuimbia hayo. Mara mbili nimejaribu kuingia. Mara zote mbili nimekuta chumba kimejaa wanawake, nikaweka sahani ya wali chini, nikatoka. Uliinua macho. Sikuweza kuyashika. Kwa hiyo nimechukua karatasi ya patroni, ile nyembamba tunayochorea mikono na kola, na ninaandika herufi ndogo ili ukurasa ukunjike. Kwenye karatasi mimi si mwoga. Shule imenipa Kifaransa cha ubaoni juu ya Kiswahili cha nyumbani, na katika lugha zote mbili naweza kuandika vizuri sana kile ninachoshindwa kusema.

Nataka kukuambia habari za lile defile, yale maonyesho yetu ya mavazi. Unafikiri unalijua lote kwa sababu ulitembea ndani yake. Hulijui.

Unakumbuka lilivyoanza. Fundi Shabani, ambaye alinifundisha kushona, alisikia kwamba mama mmoja mwenye atelye ya kushona Kindu atakuja Kasongo kwenye arusi ya ndugu yake, na kwamba anatafuta msichana anayejua kukata. Fundi akaniambia niandae nguo saba, zote za mawazo yangu mwenyewe. Nikamwambia nitampelekea kwenye mfuko azitazame. Akanitazama kama mtu anayetazama mshono uliopinda. "Unataka kumuonyesha nguo kama muuza mitumba? Nguo haisemi mupaka ikuwe na mutu ndani. Mupangie defile."

Kupanga defile bila kitu. Ulifurahi kuliko mimi. Tuliokota vipande chini ya meza ya Fundi, bluu na nyeupe za sare za shule, tukaviunga vikawa koti. Tulichukua mwavuli mweusi wa marehemu Babu, uliovunjika mbavu, na hapo ndipo nilipojifunza kwamba mwavuli una vipande vinane ambavyo mtu amekwisha kukukatia. Ukiviunga kiunoni unapata sketi ya kuzunguka ambayo hata Fundi aliifunua ndani mara mbili akitafuta siri. Magunia ya unga. Chandarua cha zamani. Na ule wavu kutoka Nyangwe, ambao wavuvi walikwisha kuutupa, tuliufua mara tatu kwa majani ya ndimu, na bado siku yenyewe paka wawili walimfuata Mama Zawadi mpaka kwenye baraza. Yeye akageuka akawaambia, "Mungoje, bado mimi sijaiva."

Mungu ambariki Mama Zawadi. Muuza mikate, mama wa watoto wanne, na hakuna msichana mwembamba aliyetembea kama yeye.

Hatukuwa na umeme wala cha kukodi taa, ndipo nikafikiri jua. Baraza la shule ya msingi linatazama machweo. Wiki mbili nilikwenda kila siku na kipande cha chaki, nikiandika sakafuni mahali jua linapoingia chini ya bati: hapa saa kumi, hapa saa kumi na nusu, hapa saa kumi na moja. Nilikuwa nahesabu kwamba nguo ya saba, ya mwisho, ifike kwenye nguzo ya mwisho wakati jua limeinama kabisa na kila kitu kimekuwa rangi ya mafuta ya mawese. Mikeka ya kutembelea tuliazima kwa wanawake wa chama cha msiba. Ile mikeka ya matanga, Riziki. Ndiyo tuliyokuwa nayo. Mama Zawadi alipoitandika alisema leo tutakuwa maiti wazuri, na sote tukacheka. Mimi pia nilicheka.

Nguo ya saba ilikuwa yako. Niliishona kwa pazia la sebule la Bibi, lile la maua, na ilikuwa nzuri. Siku moja kabla ya defile nikaiwekea pasi. Makaa yalikuwa yanafifia, nikayapuliza kama tunavyopuliza siku zote, bila kuiondoa pasi juu ya nguo. Cheche moja ikaruka. Ikaanguka kifuani, katikati kabisa, ikala tundu la kuingia vidole viwili.

Hapo unafikiri ndipo Fundi aliponiazima kitenge. Ndivyo nilivyokuambia ulipouliza, ukiwa umesimama juu ya kigoda na mimi napima urefu. Ulisema, "Hii ni kikwembe ya watu wakubwa. Umeitoa wapi?" Nikasema kwa Fundi. Nilikuwa na pini midomoni, ikawa rahisi kusema uongo.

Nilikitoa kwenye sanduku la Bibi.

Ulikuwa hujui kwamba kipo. Bwana Rajabu alikileta wakati wewe uko shule, miezi mitatu kabla. Unamjua, sote tunamjua. Ni mtoto wa hapa hapa Kasongo, ukoo wake na wetu wanazikana, isipokuwa yeye anakaa Salamabila na ananunua dhahabu kwa wachimbaji. Alikuja na wazee wawili, akaketi sebuleni akinywa chai bila kupuliza, akaweka mezani kikwembe kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuona, kijani ya ndani ya maji na ndege wa manjano, kimefungwa kwa kamba ya rafia, na chini ya kamba sindano isiyo na uzi. Kikwembe cha mama. Kinaletwa kwa mama wa msichana, na mama ndiye anayefungua kamba. Asipotaka, kinarudi na kamba yake. Akikata, amekubali. Hakuna karatasi kwetu inayoshinda mkasi huo.

Bibi hakukirudisha wala hakunipa. Alikitia sandukuni. Baba Mkubwa Amisi, ambaye ndiye mkubwa wa nyumba hii tangu Babu afe, alimuuliza tunangoja nini, na Bibi akasema, "Kamba yenye kufungwa haisemi ndiyo, haisemi hapana. Wacha ilale humo mupaka mwenye kuileta achoke." Bibi alikuwa na sababu. Mke wa kwanza wa Bwana Rajabu alirudi kwao; ni yule dada anayekaa nyuma ya duka la mama yake, na mtu akiangusha sufuria anaingia chini ya meza. Wa pili hakuja hata kwenye msiba wa baba yake mzazi. Watu walipouliza, Bwana Rajabu alisema njia ni mbaya. Njia ilikuwa kavu mwezi huo. Pikipiki zilipita kila siku.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni Bibi aliposema yale maneno ya kamba. Ninaandika hili polepole ili mkono usitoroke. Nilijua. Siku zote hizi watu wamekuwa wakinitetea, wanasema ni mtoto, hakujua ni kikwembe gani, aliona kitambaa akakata. Nilijua ni kikwembe gani. Niliifungua kamba kwa kucha zangu, taratibu, ili niweze kuifunga tena. Nilijiambia kwamba mama wa kweli wa Riziki amekufa, na mimi ni mama wa mdomo tu, mkasi wangu hauhesabiwi. Nilijiambia kwamba nitamwomba Bibi msamaha baada ya yule mama wa Kindu kuondoka. Nilikitandaza juu ya meza, na rangi ile ya kijani ikapanda mpaka dari, na nikasikia njaa. Sijui kukueleza vingine. Maisha yangu yote watu wamenipita kama wanavyopita nguzo ya ua. Nilitaka siku moja watazame kitu changu bila kunitazama mimi.

Na ile sindano isiyo na uzi, niliitia uzi. Ndiyo niliyokushonea pindo.

Siku ya defile unaikumbuka. Baraza limejaa mpaka watoto wamekaa juu ya ukuta, wanawake wa chama wanapiga ngoma na kuimba. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa darasa, natoa mtu mmoja mmoja kwa kumgusa mgongo. Maneno ya kutangaza nguo niliyaandika mimi, kwa Kifaransa na Kiswahili, lakini aliyeyasoma ni Fundi, kwa kuwa mimi nilisema sauti yangu haifiki. Koti la sare, magunia, mwavuli. Watu wakapiga kelele kwa mwavuli. Mama Zawadi na paka wake. Yule mama wa Kindu alikuwa ameketi kwenye kiti cha mwalimu, na kila nguo ilipopita aliinama kutazama mishono ya ndani. Kisha nikakugusa mgongo.

Jua lilikuwa mahali pale pale nilipoandika kwa chaki. Ulipofika nguzo ya mwisho ndege wa manjano waliwaka, na watu wakainuka kupiga makofi. Nilikuona kutoka kwenye upenyo wa mlango na nikalia.

Halafu nikaona mtu mmoja hapigi makofi. Bwana Rajabu alikuwa amesimama kwenye ngazi. Alivua kofia yake, akaishika kifuani kama mtu aliyeitikiwa salamu. Akatoa simu, akakupiga picha. Mara moja tu. Akarudisha kofia kichwani akashuka.

Uliporudi ndani ulikuwa unachechemea. Niliacha pini kwenye pindo. Ilikuchoma juu ya kisigino tangu hatua ya kwanza, na ulitembea njia yote ya kwenda na kurudi ukitabasamu, na damu imeingia kwenye mkeka wa matanga. Nikakuuliza kwa nini hukusimama. Ukasema, "Ningesimama, defile yako ingekufa." Fundi Shabani aliichomoa ile pini, akaifuta kwenye suruali yake. Hakupaza sauti. "Fundi hasahau pini," aliniambia. "Akisahau pini, ni kusema amesahau kama kuko mutu ndani ya nguo." Nikafikiri ananikaripia kwa kazi mbaya. Nilichukua siku nyingi kusikia alichosema.

Yule mama wa Kindu alisema atanichukua. Nilipewa jibu hilo jioni ile ile. Siku tatu baadaye wazee wa Bwana Rajabu walifika, na katika simu yao mlikuwa na picha yako.

Kuhusu baraza la ukoo, wewe ulikuwa umekaa kwenye mkeka karibu na Bibi, kwa hiyo ulisikia. Lakini hukuwa ndani ya kifua changu. Baba Mkubwa aliiweka ile picha katikati. Akauliza, "Nani alikata hii kikwembe?" Mtu akasema labda ni Fundi. Fundi akikata bila mama, hakuna neno, kikwembe kingine kinanunuliwa, watu wanaombana radhi, imekwisha. Wote walikuwa tayari kuamini hivyo. Hata wazee wa Bwana Rajabu walianza kukuna ndevu. Bibi akanitazama, na macho yake yalikuwa yananiomba neno lolote.

Nilikuwa na maneno mawili ya kuchagua. Ningeweza kukubali kama mama, au kusema niliiba. Mwizi si mama. Mkasi wa mwizi haufungi arusi. Neno moja tu, nimeiba, na ungekuwa huru hapo hapo. Lakini mwizi haendi kukaa atelye ya mtu Kindu. Jina hilo lingefika kule kabla yangu. Na watu wote wale wangenigeukia, nyuso zote kwa mara moja.

"Mwamini," Baba Mkubwa akasema, "wewe ndo mama yake. Ni wewe ulikata?"

Uligeuka ukaniangalia. Hukuwa na hofu, hilo ndilo linaloniua. Ulikuwa unangoja tu, kama mtu anayengoja mwenzake afungue mlango ambao ufunguo anao.

Nikainamisha kichwa.

Kwetu mama akinyamaza, watu wanasema hayo ni machozi, na machozi ya mama ni ndiyo. Baba Mkubwa akasema Alhamdulillahi. Ulipoinuka hukunitazama tena, na hujanisemesha mpaka leo.

Hiyo haikuwa mara yangu ya kwanza. Labda umesahau ile ya wino. Darasa la tano kwangu, la nne kwako, tunakaa chumba kimoja kwa sababu walimu walikuwa wachache. Nilimwaga wino juu ya daftari la mwalimu na nikarudi kukaa. Alipouliza nani, wewe ndiye uliyekuwa karibu na meza. Ulichapwa viganja. Mimi nilikuwa nahesabu mbao za dirisha. Njiani kurudi nyumbani nilikuwa nalia kuliko wewe uliyechapwa, na wewe ukanishika bega ukasema, "Si kitu, Mama Mudogo. Lakini siku ingine useme."

Siku nyingine ni kesho.

Unajua namna inavyofanyika, na kama hukujua, mashangazi wamekueleza. Utatolewa ndani umevaa gauni la kikwembe kile, maana bibi arusi anasafiri na kile kilichokatwa. Baba Mkubwa atasimama kati yako na pikipiki, ataniuliza, "Mama, umemutoa?" Mara ya kwanza na ya pili mama hajibu, ni heshima. Mara ya tatu anajibu, na akinyamaza pia ni jibu. Kwa hiyo bado kuna mlango, mwembamba, unafunguliwa kwa pumzi tatu kisha unafungwa. Mama wengine wote wanapita hapo wakilia. Hakuna anayekumbuka mama aliyewahi kusema hapana. Bibi anasema yeye hajapata kusikia, lakini hajapata kusikia pia kwamba imekatazwa.

Nimekuwa nikijizoeza. Sikumtoa. Nimeiba. Sikumtoa, nimeiba. Nimeyasema mtoni. Nimeyasema chooni. Asubuhi hii niliyasema mbele ya kuku wa Bibi kwa sauti kubwa kabisa, na jogoo hakuacha hata kudonoa. Kwa Fundi nilikwenda jana, nikamwambia yote, kwamba nilijua, na kwamba amwandikie yule mama wa Kindu asiningoje. Hilo niliweza, kwa sababu alikuwa mtu mmoja na alikuwa anatazama mashini yake. Alikanyaga mpaka mwisho wa mshono ndipo akajibu. Alisema barua ataandika. Kisha akasema, "Lakini mimi si baraza."

Simlaumu mtu anayetaka kitu kizuri. Hata wewe ukija kutaka, taka. Ninachojua sasa ni kidogo, nacho ni cha meza ya fundi: mtu asiye na kitu anaazima, na anapoazima huwa anatazama kitambaa, hatazami mkono uliokiweka pale. Mimi niliutazama mkono, nikaufunika kwa kitambaa. Na ukimya wangu, ambao watu waliusifu tangu utotoni, wakasema Mwamini ana adabu, Mwamini hana maneno, haukuwa adabu. Nilikuwa nakulipisha wewe tu. Kila mara niliponyamaza kuna mtu alinyoosha kiganja mahali pangu, na kila mara mtu huyo alikuwa wewe.

Jua linafika kwenye kizingiti. Pikipiki tatu zimekwisha kufika, zimeegeshwa uani, na Bwana Rajabu mwenyewe amekuja. Amekaa kwenye kiti cha Babu. Bibi alimwambia kiti hicho kimelegea mguu, akajibu kwamba ataketi polepole. Hapigi kelele, hacheki. Kila anayepita anampa soda. Muda mfupi uliopita Baba Mkubwa alimuuliza kama siku ya Idi wewe utakuja kututembelea, akasema, "Njia ni mubaya." Bado hamjaondoka, Riziki, na njia imekwisha kuwa mbaya.

Ukurasa wa mwisho ni huu. Kama umeanzia hapa, sikiliza.

Wamaza watasimama kula, kwa mama mzazi wa Mama Zawadi, yule mwenye kibanda cha sombe na samaki karibu na njia panda. Pikipiki zote husimama hapo. Omba kwenda choo. Choo kiko nyuma, na nyuma ya choo kuna mihogo, na kwenye mihogo kuna njia ya miguu. Mama Zawadi ametangulia tangu juzi na kikapu chake cha mikate. Nilimwandikia, na akajibu kwa mdomo wa mtoto wake kwamba mwili wake ni mkubwa vya kutosha kumficha mtu mmoja mwembamba. Atakungoja mpaka giza. Mtalala Wamaza kwa watu wake na mtarudi na wanawake wanaopeleka unga, kwa miguu, si kwa njia kubwa. Kwa yule mama wa Kindu nafasi yangu imekufa, lakini Fundi katika barua yake ametaja jina lako, utakwenda huko wewe. Unajua kushona mkono wa gauni vizuri kuliko mimi. Siku zote ulijua, ukaninyamazia.

Wananiita. Mashangazi wanataka gauni lipigwe pasi, na wanasema hakuna mwingine anayejua mikunjo yake. Nitaondoa pasi juu ya nguo kabla ya kupuliza makaa. Kisha nitafumua pindo, ni pana vidole vinne, karatasi hizi zitalala ndani bila kuonekana, na nitalishona tena kwa sindano ile ile.

Pini nitaiacha. Safari hii sisahau. Nitaiweka upande wa kushoto, juu ya kisigino, pale pale pa zamani. Ukisimama inakaa kimya. Itaanza kuchoma ukikaa kwenye pikipiki na njia ikaanza kuruka. Kesho nikisema, nitapiga magoti mbele ya watu wote na kuichomoa mimi mwenyewe, na hutajua kwa nini nimeshika mguu wako. Nisiposema, itakuchoma kabla hamjavuka mto, nawe utalipapasa pindo ukute karatasi.

Ikikuchoma, mwanangu, usitabasamu.

Mama yako mdogo,
Mwamini